Deni la Hospitali ya Jiji: Nani Akope, Nani Aulizwe, Nani Alipe



Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ilianza kazi mwaka 1926. Nikiuliza katika ukumbi huu ni nani aliyezaliwa pale, naamini mikono mingi itainuka. Leo Pumwani ni mali ya Serikali ya Kaunti ya Nairobi, pamoja na Mama Lucy Kibaki, Mbagathi na Mutuini. Na kwa kuwa kaunti yetu ndiyo jiji lenyewe, hizi ni hospitali za jiji kwa maana kamili. Zikidaiwa, tunadaiwa sisi.

Hospitali za namna hii hazina budi kukopa. Wodi mpya ya watoto njiti haijengwi kwa masalio ya bajeti ya mwaka mmoja. Jengo litakalotumika miaka 40 ni haki ligharamiwe na wote watakaolitumia katika miaka hiyo, na Katiba ya 2010 inalisema jambo hilo waziwazi katika Kifungu cha 201: mzigo na manufaa ya kukopa kwa umma vigawanywe kwa usawa kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Anayesema hospitali ya umma isikope kamwe anataka akina mama waendelee kulala wawili wawili kitandani hadi fedha taslimu zitoshe, na hazitatosha.

Nililokuja kulisema ni hili. Sheria zetu zimeuwekea ulinzi mkali mkopo unaoitwa mkopo. Lakini deni linaloiumiza hospitali huingia kwa njia nyingine, halipigiwi kura wala halitangazwi, na riba yake haiandikwi popote. Huko ndiko tunakohitaji kanuni kwanza.

Tuanze na mkopo wenye jina lake. Kifungu cha 212 cha Katiba kinairuhusu serikali ya kaunti kukopa kwa masharti mawili: serikali ya kitaifa iudhamini mkopo huo, na bunge la kaunti liuidhinishe. Ni lazima yote mawili yatimie. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ikaongeza mengine juu yake. Anayekopa kwa niaba ya kaunti ni waziri wake wa fedha. Msimamizi wa hospitali hana mamlaka hayo. Kabla Hazina ya Kitaifa haijatoa dhamana, mradi uwe wa kujenga rasilimali, mkopaji aonekane ana uwezo wa kulipa, baraza la pamoja la serikali kuu na kaunti kuhusu bajeti na uchumi litoe maoni yake, na Bunge likubali. Kaunti ikishindwa na Hazina ikalipa, kiasi kile kinageuka deni la kaunti kwa Hazina. Kanuni za 2015 zikaweka kikomo kwamba deni la kaunti lisipite asilimia 20 ya mapato yake yote. Upo pia mkopo mfupi wa kuziba pengo la fedha, usiozidi asilimia 5 ya mapato yaliyokaguliwa, na huo ulipwe ndani ya mwaka mmoja.

Kati ya kanuni zote hizo, ninayoiheshimu zaidi ni ile ya sehemu ya 107 ya sheria hiyo: fedha za mkopo ziende kwenye maendeleo, zisilipe matumizi ya kawaida. Glovu zilizonunuliwa kwa mkopo hutupwa siku ile ile, na deni lake huendelea kulipwa na watu ambao hata hawakuwa wamezaliwa zilipovaliwa. Waliotunga kanuni hiyo walijua kwamba wazee wetu waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, walimaanisha furaha ya kukopa hugeuka huzuni siku ya kulipa.

Sasa twendeni stoo ya hospitali mwezi wa Mei, mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa. Mitungi ya oksijeni ipo. Nyuzi za kushonea zipo. Unga na maharagwe ya wagonjwa yameletwa asubuhi. Chukua karatasi za kitu kimoja tu, tuseme oksijeni, uzifuate. Kuna LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, iliyotiwa saini. Kuna hati ya kupokea, yenye tarehe na jina la karani. Kuna ankara ya msambazaji, na juu yake muhuri wa kuonyesha imefika idara ya uhasibu. Kutoka hapo karatasi hazisongi. Juni inaisha, Julai inaanza, bajeti mpya inaletwa, na ankara ile inahamishiwa kwenye orodha ya malimbikizo ya madeni. Msambazaji wa Nairobi amekwisha kulijua hilo, na mwaka unaofuata akijaza zabuni anapandisha bei. Tofauti ile ya bei ndiyo riba. Hospitali imekopa kwa ajili ya matumizi ya kawaida, kinyume kabisa cha kanuni ile niliyoisifu, na hakuna mwakilishi wadi hata mmoja aliyeinua mkono kuiruhusu.

Ni kama familia inayochukua kwa daftari dukani: kila siku kidogo kidogo, mwenye duka anaandika, na mwisho wa mwezi hakuna nyumbani anayeweza kusema jumla ni ngapi. Deni la KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa, limekua hivyo hivyo. Kaunti zilichukua dawa zikachelewa kulipa, na KEMSA isipolipwa haiwezi kujaza tena bohari zake, kwa hiyo mgonjwa wa Mbagathi anaambiwa akanunue dawa nje kwa sababu ya ankara ya mwaka juzi asiyoijua.

Njia ya pili ni ukodishaji. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa kaunti zote 47, hospitali mbili katika kila kaunti. Zilikuja mashine za kusafisha figo, vifaa vya upasuaji, vya wagonjwa mahututi, vya eksirei. Kandarasi zilikuwa za miaka kadhaa, na kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka mwanzoni, halafu milioni 200. Yapo mema yaliyotokana na mpango huo, na ni haki kuyataja: kuna miji ambayo mgonjwa wa figo alikuwa akisafiri usiku kucha kuja Nairobi, akapata huduma karibu na kwake. Lakini tazama umbo lake. Unapokea kitu leo, unalipa kila mwaka kwa miaka mingi, na malipo yanakatwa kabla hujapanga bajeti yako. Hilo ni deni. Kwa kuwa lilipewa jina la ukodishaji, halikupitishwa kwenye masharti ya Kifungu cha 212. Kamati maalum ya Seneti ilipolichunguza, na kutoa ripoti yake mwaka 2020, ilikuta kaunti zikilipia mashine ambazo hazikuwa zikifanya kazi, pengine kwa kukosa mtaalamu wa kuziendesha, pengine kwa kukosa umeme au maji ya kutosha. Kaunti moja ilitozwa sawa na nyingine, iwe kubwa au ndogo, iwe na daktari wa figo au isiwe naye. Laiti mpango ule ungeitwa kwa jina lake, bunge la kaunti lingeuliza swali ambalo afisa wa benki yoyote angeuliza: nani ataiendesha mashine hii?

Nahamia kwenye malipo, na hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo hospitali inapotofautiana na taasisi nyingine yoyote inayokopa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hospitali ya jiji inataka shilingi milioni 100 za wodi ya watoto njiti. Mkopo ni wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 13, unalipwa kwa mafungu yaliyo sawa kila mwaka. Kila fungu ni kama shilingi milioni 18.4, na jumla yake karibu milioni 184. Ukigawa fungu la mwaka kwa siku 365, unapata takriban shilingi 50,500 kwa siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inalipa shilingi 10,000 kwa mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida. Maana yake ni kwamba malipo ya akina mama watano wa kwanza kila siku, yote kamili, yatakwenda kwa mkopeshaji. Mama wa sita ndiye atakayeanza kulipia pamba, chai, umeme na mkunga. Halafu SHA ichelewe miezi minne, jambo ambalo hospitali zetu zimelijua tangu enzi za NHIF, mfuko wa bima uliotangulia SHA. Hospitali itatakiwa kutafuta zaidi ya milioni 6 kutoka pengine, na mkopeshaji hangoji.

Itazitafuta wapi? Nani aliye karibu na asiyeweza kukimbia? Ni mgonjwa aliyeko kitandani. Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi, Jaji Mumbi Ngugi akitoa hukumu, iliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua kwa kushindwa kulipa bili walikuwa wamevunjiwa haki zao. Kesi ile inasomwa kama kesi ya haki za wanawake, na ni sahihi kuisoma hivyo. Mimi naisoma pia kama kesi ya fedha. Hospitali inayobanwa na wadai wake humbana aliye chini yake, na aliye chini yake ni mzazi mwenye kitoto cha siku tatu. Kwa hiyo kanuni yoyote ya kukopa ambayo haisemi lolote kuhusu mlango wa kutokea wodini bado haijaandikwa ikakamilika.

Mapato yenyewe yamekuwa na safari yake. Ada za hospitali za umma zilianza Desemba 1989. Ugatuzi ulipokuja mwaka 2013, Kifungu cha 207 kilitaka fedha zote za kaunti ziingie katika mfuko wa mapato wa kaunti, isipokuwa zile zilizotolewa kwa sheria. Hospitali nyingi zikajikuta zinakusanya asubuhi, fedha zinakwenda, na kurudi kwake ni kwa barua za kuomba. Sheria ya 2023 ya kuboresha vituo vya afya, iliyotiwa saini tarehe 19 Oktoba mwaka huo, ikazirudishia hospitali haki ya kubaki na mapato yake na kuyatumia kwa huduma, yawe nyongeza ya bajeti ya kaunti na si badala yake. Niliifurahia sheria hiyo, na naendelea kuifurahia. Lakini ina hatari yake. Mapato yaliyotulia mahali pamoja, yenye akaunti yake, huvutia wakopeshaji. Kesho atakuja mtu mwenye mkoba na kusema: wekeni akaunti hii rehani, nami nitawajengea jengo.

Wapo waliotutangulia katika jambo hilo. Nchini Ufaransa, katika miaka ya 2000, miji na hospitali za umma ziliuziwa mikopo yenye riba ndogo sana kwa miaka michache ya mwanzo. Baada ya hapo riba ilifuata hesabu ya ajabu, kwa mfano thamani ya yuro ikilinganishwa na faranga ya Uswisi. Benki ya Dexia ilikuwa muuzaji mkubwa. Jiulizeni: hospitali inayopasua watu vidole tumbo katika mji wa mashambani ina uhusiano gani na faranga ya Uswisi? Haina. Faranga ilipopanda, riba zikaruka hadi tarakimu mbili, na Januari 2015, benki kuu ya Uswisi ilipoiachia faranga yake, zikaruka tena. Dexia yenyewe ilianguka mwaka 2011. Desemba mwaka huo serikali ikatoa amri ambayo ningependa kila waziri wa fedha wa kaunti aisome. Inaangalia vipimo vitatu: je, deni la muda mrefu limepita nusu ya mtaji wa kudumu wa hospitali? Je, itachukua zaidi ya miaka 10 kulilipa? Je, deni limepita asilimia 30 ya mapato ya mwaka? Hospitali iliyopita viwili kati ya hivyo haikopi tena mpaka wakala wa afya wa mkoa uidhinishe. Ninachokipenda ni kwamba vipimo vinaihusu hospitali yenyewe. Kikomo chetu cha asilimia 20 ni cha kaunti nzima. Hospitali moja inaweza kuzama kabisa ndani ya kaunti ambayo, kwa jumla, iko salama.

Na kinyume chake hutokea. Kaunti ya Jefferson, jimbo la Alabama nchini Marekani, ilikopa mabilioni ya dola kwa ajili ya mabomba ya maji taka, ikashindwa kulipa, ikapoteza pia kodi moja muhimu mahakamani, na Novemba 2011 ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Mwaka uliofuata ilifunga huduma za kulaza wagonjwa katika Cooper Green Mercy, hospitali yake ya watu maskini mjini Birmingham. Wagonjwa wa Cooper Green hawakukopa bomba lolote.

Karibu nasi kuna mfano mzuri, na nimesikia ukitajwa kuwa njia ya kufuatwa na hospitali zetu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 za Tanzania, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Wananchi wa kawaida waliinunua, fedha zikaenda kwenye miundombinu ya maji, na malipo yanatoka kwenye bili za wateja. Nawapongeza Tanga kwa moyo wote. Lakini maji yanalipiwa kila mwezi na karibu kila nyumba, na asiyelipa anaweza kukatiwa. Pumwani haiwezi kumkatia huduma mama ambaye mtoto amefika njiani. Ndiyo maana hatifungani inayolipwa na mapato ya huduma, ambayo kwa maji ni jambo la busara, kwa hospitali ya uzazi inahitaji ukuta mwingine pembeni yake.

Ukuta huo ningeujenga hivi. Kwanza, kila ahadi ya kulipa itakayovuka tarehe 30 Juni ihesabiwe kuwa deni, iwe ni mkopo, ukodishaji au ankara iliyokaa zaidi ya siku 90, na iingie ndani ya kikomo cha asilimia 20. Jina la karatasi lisitusumbue. Hilo peke yake litabadilisha tabia za watu wengi, kwa sababu waziri wa fedha atakayetaka kukopa kwa ajili ya barabara atakuta nafasi imekwisha kuliwa na oksijeni isiyolipiwa, naye atailipa.

Mkopo wa hospitali uwe wa shilingi za Kenya, na usiishi kuliko kitu ulichonunua. Mashine ya miaka 7 isilipwe kwa miaka 12. Riba yake iwe ya namna ambayo muuguzi mkuu wa wodi, akipewa kalamu na dakika kumi, anaweza kuikokotoa. Asipoweza, usitiwe saini. Na kabla ya mashine yoyote kukopewa, bunge la kaunti lionyeshwe nafasi za kazi zilizotengewa mishahara ya watakaoiendesha.

Kuhusu mapato ya hospitali yenyewe, siko tayari kulegeza. Yalipe kwanza watumishi, dawa, oksijeni, chakula na matengenezo. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinaweza kuguswa na mkopeshaji, na pasipobaki kitu, kaunti ilipe kutoka kwenye bajeti yake kuu. Iwekwe pembeni akiba ya malipo ya miezi sita, kwa sababu kuchelewa kwa bima si ajali tena, ni jambo la kutegemewa. Na mkataba uandike kwa maneno yasiyo na shaka kwamba hakuna mgonjwa, mtoto wala maiti atakayezuiliwa ili kutimiza lolote lililomo. Afisa atakayeruhusu kinyume chake akumbushwe Kifungu cha 226, kinachomtaka aliyeidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria kufidia hasara hiyo yeye mwenyewe, hata akiwa ameshaondoka ofisini.

Halafu kuna ule ubao mkubwa langoni mwa kila hospitali ya umma, unaoorodhesha huduma, ada na muda wa kungoja. Nataka pembeni yake uwekwe wa pili, ubadilishwe kila robo mwaka: tunadaiwa na nani, kiasi gani, tangu lini, na SHA inatudai au tunaidai ngapi. Mama anayekuja kliniki ana haki ya kujua kwamba hospitali yake inadaiwa oksijeni ya miezi minane.

Najua mabenki yatasema nini, kwa kuwa yamekwisha kuniambia: mkopeshaji akiwekwa nyuma ya mishahara na dawa, ataongeza riba. Ni kweli, na sitaificha hoja hiyo. Lakini Kifungu cha 212 tayari kimempa dhamana ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo hakosi fedha zake. Anachokosa ni urahisi wa kuzichukua moja kwa moja kwenye dirisha la malipo la hospitali. Urahisi huo una bei, pengine nusu asilimia, pengine asilimia moja. Bei hiyo iandikwe kwenye bajeti ya kaunti kwa mstari wake wenyewe, wawakilishi wadi waijadili mbele ya watu, na jiji zima liilipe.